Mbiu ya kijiji ilie hata kwenye simu ya kitochi

Nataka nami nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo naona linakua taratibu katika vijiji na mitaa yetu, na ambalo lisipokemewa mapema litatuletea matata. Jambo lenyewe ni hili la vikao vya wananchi kuhamishiwa kwenye makundi ya WhatsApp, hali wananchi wengi hawana simu za kuwaingiza humo.

Kabla sijaenda mbali napenda ieleweke kwamba mimi si adui wa simu. Mimi ni mkulima, na manufaa ya simu nayaona kila siku. Zamani tangazo la mkutano lilibebwa na mgambo kwa baiskeli, na mvua ikinyesha lilifika baada ya mkutano kwisha. Leo ujumbe wa maandishi unafika kabla mtumaji hajarudisha simu mfukoni. Huduma za kutuma fedha kwa simu, ambazo zilianza Kenya mwaka 2007 na hapa kwetu mwaka 2008, zimemwokoa mwananchi na safari nyingi za kupeleka noti kwa mkono. Kwa hiyo anayetaka kuniita mzee wa kupinga maendeleo asijisumbue.

Ninachopinga ni kuchukua chombo cha wachache na kukifanya ndiyo mlango pekee wa kuingilia katika mambo ya wote.

Nitatoa mfano. Katika kijiji ninachoishi, ambacho sitakitaja jina kwa kuwa nia yangu si kumchongea mtu, palikuwa na suala la mchango wa ujenzi wa darasa. Suala hilo lilizungumzwa katika kundi la WhatsApp ambalo ndani yake wamo viongozi, watumishi, wenye maduka na vijana kadhaa wenye simujanja. Wakajadili, wakakubaliana kiasi cha kila kaya, wakapanga na tarehe ya mwisho. Sisi wengine tulipata habari siku wakusanyaji walipopiga hodi wakiwa na daftari mkononi. Tulipouliza mkutano ulifanyika lini, tuliambiwa, "Mbona jambo hili lilipita kwenye grupu?"

Sasa nauliza, ndugu zangu, grupu ni nani? Darasa tunalitaka, watoto ni wetu, na hakuna aliyekataa kuchangia. Lakini mama mjane anayelima ekari moja alikuwa na haki ya kusimama na kusema kwamba kiasi hicho ni kikubwa, kwamba yeye atasomba mawe na maji badala ya kutoa fedha. Haki hiyo alinyang'anywa bila mtu yeyote kumkasirikia. Alinyang'anywa kwa sababu tu simu yake ni ya kitochi.

Watu wengine hudhani kwamba mkutano wa kijiji ni hisani ya viongozi. Si hivyo. Katiba yetu katika Ibara ya 21 inasema kuwa kila raia anayo haki ya kushiriki kwa ukamilifu katika kufikia uamuzi juu ya mambo yanayomhusu. Ibara ya 146 inaeleza kwamba Serikali za Mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inautaja Mkutano Mkuu wa Kijiji kuwa ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18, na kwamba ndio wenye mamlaka ya juu katika mambo ya kijiji. Sheria haikusema wakazi wote wenye simujanja.

Wengine watasema kwamba mchango wa darasa ni jambo dogo. Basi tutazame jambo kubwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaizuia Halmashauri ya Kijiji kugawa ardhi ya kijiji bila idhini ya Mkutano Mkuu. Idhini hiyo ndiyo ngome ya mkulima. Ikiwa tumezoea kwamba "lilipita kwenye grupu" ni jibu la kutosha kwa mchango wa darasa, siku moja tutaambiwa kwamba shamba la malisho nalo lilipita kwenye grupu. Siku hiyo tutalia, na machozi hayatarudisha hata pembe moja ya shamba.

Najua lipo jibu linalotolewa haraka haraka, kwamba dunia inabadilika, na kila mtu ajitahidi kununua simujanja. Jibu hilo ni rahisi mdomoni mwa mwenye nacho. Simujanja si kununua tu. Inataka bando, na bando likiisha simu inabaki kioo. Inataka umeme wa kuchaji kila siku, wakati kitochi hukaa siku kadhaa. Inataka mtandao wa kasi, na sehemu nyingi za vijijini mtu hupanda kwenye kichuguu ndipo apate mawimbi ya kupiga simu tu. Inataka pia macho mazuri na ujuzi wa kusoma maandishi madogo. Tena katika nyumba nyingi simu iliyo nzuri ni ya baba; mama na bibi hutumia kilichobaki. Hivyo ukisema mkutano ni WhatsApp, umekwisha wachuja wanawake, wazee na makabwela kabla mwenyekiti hajafungua kikao.

Hata mwenye simujanja yake asijione yu salama. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za mawasiliano zilizopita chini ya bahari katika pwani ya mashariki ya Afrika zilikatika, na nchi yetu ilikuwa miongoni mwa zilizoathirika sana. Intaneti ilizorota, magrupu yakanyamaza. Wenye vitochi waliendelea kupigiana na kuandikiana kama kawaida. Kijiji chenye njia moja tu ya kuitana ni kama nyumba yenye mlango mmoja. Ukishika moto hapo mlangoni watu wote wamo ndani.

Ndugu Mhariri, kinachonishangaza zaidi ni kwamba nchi hii inayo historia nzuri ya kutumia chombo cha bei nafuu kuwakusanya wananchi. Wazee wenzangu watakumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Chombo kilikuwa redio. Wakati ule redio haikuwamo katika kila nyumba, lakini hakuna aliyesema kwamba asiye na redio akanunue. Watu walikaa katika vikundi, redio moja ikihudumia kikundi kizima. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi wake, na viongozi wa vikundi waliofunzwa walikuwa kiasi cha 75,000. Walisikiliza kipindi, wakasomewa kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua watafanya nini: kuchimba vyoo, kufyeka majani, kusafisha visima. Watu wapatao milioni 2 walishiriki katika muda wa majuma 12. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya "Chakula ni Uhai" kwa utaratibu huo huo.

Somo la kampeni zile ni kwamba redio haikuchimba choo hata kimoja. Redio iliita na kueleza. Watu walikaa pamoja, wakapanga na kushika majembe. Chombo kilikuwa mtumishi wa kikundi. Leo tunataka kufanya kinyume, kikundi kiwe mtumishi wa chombo, na asiyekuwa na chombo atoke kwenye kikundi.

Tena mifano si ya zamani tu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 kuzusha machafuko huko Kenya, vijana wachache walitengeneza, mnamo Januari 2008, programu waliyoiita Ushahidi. Mwananchi aliyeona fujo mahali fulani aliweza kupeleka taarifa kwa ujumbe mfupi wa simu au kwa intaneti, na taarifa hiyo ikaonyeshwa kwenye ramani ili wengine wajue. Angalieni hapo: hawakusema ni lazima uwe na simu ya kisasa. Kitochi kilikubaliwa. Programu hiyo ilitolewa bure kwa yeyote mwenye kuihitaji, na mwaka 2010 ilitumika Haiti baada ya tetemeko kubwa la ardhi.

Mwaka 2009 vijana wa Kibera, katika jiji la Nairobi, walichukua vifaa vya kupimia mahali wakapita njia kwa njia na kuchora ramani ya mtaa wao, ambao katika ramani za kawaida ulikuwa kama pori tupu. Mwaka 2011 kazi ya namna hiyo ikafanyika Tandale, Dar es Salaam. Kuanzia mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ukawakutanisha wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa kata za Dar es Salaam kuchora nyumba, vichochoro na mitaro, hasa kule kunakojaa maji wakati wa mvua. Ramani hizo ziliwekwa katika OpenStreetMap, ramani ya dunia nzima iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote huitumia na kuisahihisha bila kulipa.

Hapo ndipo ninapoona matumizi yenye akili. Mwenye simujanja mmoja au wawili wanatosha kwa mtaa mzima, ilimradi watembee na wazee wanaojua maji yalifika wapi mwaka gani. Kijana anabonyeza, mzee anaonyesha. Ramani ikikamilika ichapishwe kwenye karatasi kubwa na kubandikwa ofisini, ili diwani akija kuomba kura tumwonyeshe kwa kidole ni mtaro upi umeziba na ni daraja lipi limekatika. Hayo ni mazungumzo tofauti kabisa na kulalamika chini ya mwembe.

Sasa, kwa kuwa kulaumu bila kutoa shauri ni kazi rahisi, nami nimesema nitatoa maoni, napendekeza mambo yafuatayo, ambayo hayahitaji mfadhili wala semina.

Kwanza, tangazo la kila mkutano litolewe kwa ujumbe wa kawaida wa simu, si kwa WhatsApp peke yake. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160, na Kiswahili chetu huingia humo bila taabu. Kwa mfano: "MKUTANO MKUU WA KIJIJI Jumamosi saa 3 asubuhi, uwanja wa shule. Agenda: mapato na matumizi ya miezi 3, mchango wa darasa. Mwambie jirani. Mtendaji". Ujumbe huo hauzidi herufi 160. Una siku, saa, mahali na agenda, na unasomeka kwenye simu yoyote. Agenda iwemo, maana mtu huacha palizi lake akijua ni jambo gani linamwita.

Pili, mzigo wa kutuma usibebwe na mtu mmoja. Kijiji chenye vitongoji vinne na kaya 400 kinaweza kufikiwa hivi: mtendaji anawatumia wenyeviti wa vitongoji wanne, kila mwenyekiti anawatumia watu kumi aliochaguliwa na wananchi, kila mmoja wa hao anawajulisha wenye kaya kumi. Hakuna aliyetuma zaidi ya meseji kumi, na bando dogo la meseji linatosha. Asiyejua kusoma, au asiye na simu kabisa, yumo katika kaya kumi za mtu fulani, na mtu huyo ni wajibu wake kwenda kubisha hodi.

Tatu, taarifa ya mapato na matumizi isomwe mkutanoni na ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, kisha muhtasari wake upite katika mnyororo huo huo wa simu: kilichokusanywa, kilichotumika, kilichobaki. Mistari mitatu tu. Mwananchi akiwa na mistari hiyo mfukoni mwake, hata akiwa shambani au safarini, ni vigumu kumdanganya baada ya miezi mitatu. Kiongozi mwaminifu hana cha kuogopa katika mistari mitatu.

Nne, michango ya fedha ilipwe katika akaunti ya kijiji, na anayelipa kwa simu abaki na ujumbe wake wa malipo. Isiwe namba ya simu ya mtu binafsi, hata akiwa mcha Mungu namna gani. Anayelipa kwa mkono apewe stakabadhi vile vile. Ujumbe wa malipo usiwe cheo cha kumdharau aliyeleta noti au kuku.

Tano, kundi la WhatsApp liendelee kuwapo, lakini lijulikane kuwa ni mahali pa kupashana habari na kutuma picha za daraja lililobomoka. Lisiwe na uwezo wa kupitisha jambo. Yaliyosemwa humo yaletwe mkutanoni, yasomwe kwa sauti, ndipo yapigiwe kura ya mikono. Kundi moja la WhatsApp hubeba watu 1,024 kwa sasa, lakini hata lingebeba kijiji kizima, bado mwenye kundi anaweza kumtoa mtu kwa kidole kimoja. Katika Mkutano Mkuu hakuna mwenye kidole cha namna hiyo.

Sita, daftari la namba za simu za wananchi litunzwe kama mali ya kijiji. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo ilianza kutumika mwaka 2023. Namba niliyoitoa ili niitwe mkutanoni isije ikaangukia kwa wakopeshaji, wapiga ramli na matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Mwananchi akitapeliwa mara moja kwa sababu ya daftari hilo, hatatoa namba yake tena, na atakuwa na haki.

Nayasema haya nikijua kwamba uzushi nao husafiri kwa simu, pengine kuliko ukweli. Lakini uzushi hustawi pale ambapo taarifa ya kweli haijafika. Mwananchi aliyepata ujumbe wa mtendaji wake kwa wakati hana haja ya kusikiliza minong'ono ya kijiweni. Kiongozi anayelalamika kwamba wananchi wanaamini uvumi ajiulize kwanza yeye mwenyewe aliwapa nini cha kuamini.

Kwa vijana ninayo machache. Nyinyi ndio mnaojua vyombo hivi, na wengi wenu mna nia njema. Msione uvivu kumwandikia babu ujumbe wa kawaida ati kwa sababu hayumo kwenye grupu. Msimcheke anayeuliza jambo mkutanoni ambalo nyinyi mlilijadili juzi usiku kitandani. Ujuzi wenu utahesabiwa kwa idadi ya watu mliowaleta mkutanoni, si kwa idadi ya picha mlizotuma.

Kwa makampuni ya simu, ombi langu ni fupi. Mnatuletea matangazo ya bahati nasibu asubuhi na jioni bila sisi kuomba. Kama mnaweza kutufikishia hayo, mnaweza pia kuweka bei ndogo kwa ujumbe wa mkutano wa kijiji ulioidhinishwa na halmashauri. Nchi hii ina vijiji zaidi ya 12,000, na wateja wenu wengi wanaishi humo.

Na kwa viongozi waliochaguliwa tarehe 27 Novemba 2024 kuongoza vijiji, mitaa na vitongoji, nawakumbusha kwamba siku ile mlisimama mbele ya watu wote, wenye viatu na wasio na viatu. Hakuna aliyeulizwa ana simu gani kabla ya kupiga kura. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Mbiu ya leo ni simu, sikatai. Tunachoomba ni kwamba ikilia isikike kila nyumba, na watu wakishafika, jambo lenyewe waamue wao.

Mwanakijiji Mkulima,
Mkoa wa Morogoro.